Paje: mwani, sabuni na daftari la wawili

Wengi huenda Unguja kula pweza na kupiga picha machweo. Safari hii mimi na mume wangu tulienda na swali moja: je, wapenzi wawili wanaweza kuishi kwa kitu ambacho wengi wetu tunakikanyaga tukiogelea?

Mpenzi msomaji, hebu tuambiane ukweli. Mara ngapi wewe na mwenzio mmekaa sebuleni mwisho wa mwezi, mkachukua kalamu na karatasi mpange biashara, na orodha ikatoka ile ile? Saluni. Kuku. Pikipiki ya kumpa kijana alete hesabu. Kibanda cha kutuma pesa. Si biashara mbaya hata kidogo, ila mtaani kwenu ziko nne nne, na kila mmoja anamwangalia mwenzake nani atafunga mlango kwanza.

Kwetu hoja ilikuwa nzito zaidi ya hapo. Tulikuwa na akiba ya milioni nne, jasho la miaka mitatu ya kujibana. Mume wangu alitaka kiwanja: ardhi haiozi, anasema. Mimi nilitaka biashara, tena isiyo ya kawaida, maana mshahara wa ofisini ukiingia leo kesho umeshagawanywa. Tuliongea mpaka tukaanza kuongea kwa kununiana. Ndipo tukakubaliana kitu kimoja: hakuna kutoa shilingi benki mpaka wote wawili tuone kwa macho. Ijumaa hiyo tukapanda boti.

NJIANI

Kutoka Dar hadi bandari ya Malindi, Unguja, boti ya kasi inachukua kama saa mbili. Pale mjini usikimbilie teksi, mtamaliza hela ya chakula kabla hamjafika. Kuna daladala namba 324 inayokwenda Bwejuu kupitia Paje, na 309 inayokwenda Jambiani. Safari ni kama kilomita 50, inakatisha msitu wa Jozani. Ukibahatika utawaona kima punju juu ya miti, nyani wekundu ambao duniani kote wanapatikana Zanzibar tu. Kondakta wetu aliwapungia mkono kama jamaa zake.

Halafu ghafla miti inaisha, na mbele yako ni weupe mtupu wa mchanga na bahari ya rangi ambayo sijui niiiteje. Ndiyo Paje hiyo.

Paje ya leo ni mji wa vishada. Wageni kutoka kila kona wanakuja kuteleza juu ya maji wakivutwa na upepo, wa kaskazi au wa kusi, na mahoteli yamejipanga ufukweni bega kwa bega. Ukiishia hapo utarudi umefurahi. Lakini subiri maji yapwe. Bahari inaondoka, inaondoka kweli, mpaka karibu na mwamba ule wa mbali unaopasuka mawimbi. Panapobaki ni uwanja wa mchanga na madimbwi, na humo unaona vijiti vimepangwa safu kwa safu kama bustani ya mchicha. Hayo ni mashamba ya mwani.

SHAMBA LINALOFUATA MWEZI

Mwenyeji wetu alikuwa bibi wa makamo aliyeanza kulima tangu binti. Alitutazama miguu, akacheka. "Mwanangu, hivyo viatu vya harusi utaviacha huku huku." Tukanunua yeboyebo dukani, tukamfuata.

Kulima kwenyewe ni hivi. Unachomeka vigingi viwili mchangani, katikati unafunga kamba. Kwenye kamba unaning'iniza vipande vya mwani kwa vikamba vyembamba, kipande baada ya kipande. Baada ya wiki sita hivi vipande vimekuwa vichaka. Unavuna, unabakiza mbegu, unafunga tena. Hakuna mbolea, hakuna kumwagilia. Bahari ndiyo inayolisha.

Ila usidanganyike ukadhani ni lelemama. Shamba linafikika vizuri wakati wa bamvua, siku zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hukupwa sana. Yakija maji mafu, unakaa nyumbani utake usitake. Kwa hiyo kazi yote ya nusu mwezi inabanwa ndani ya siku chache, na ndani ya siku hizo ndani ya saa chache, umeinama, jua linakuchoma mgongo na maji ya chumvi yanakula ngozi ya miguu. Wakulima wengi hulalamika macho na viungo. Na mzigo ukishavunwa umelowa, mzito balaa. Kilo moja ya mwani mkavu inatokana na kilo nyingi za mbichi.

Mume wangu, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiyoyozi, alibeba gunia moja kutoka shambani hadi ufukweni. Hakuongea kwa dakika kumi.

WANAUME WALIKUJA, WAKAONDOKA

Hapa ndipo hadithi inapowahusu wapenzi. Utafiti wa mwani nchini kwetu ulisukumwa sana na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 huku huku Paje na jirani zao Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Aina zilikuwa mbili: spinosamu, ambayo ni sugu, na kotonii, ambayo ina bei nzuri zaidi. Mwani mkavu unasafirishwa nje, huko unakamuliwa kitu kinachoitwa karajinani, ambacho kinafanya dawa ya meno isimwagike na aiskrimu isijitenge. Kwa maana hiyo, msomaji, huenda asubuhi hii umeshauweka mwani wa Unguja mdomoni bila kujua.

Mwanzoni wanaume nao waliingia. Bei ilipobaki ndogo, wengi wakarudi kwenye uvuvi au wakahamia kwenye utalii. Wanawake wakabaki. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanatajwa kuwa zaidi ya 20,000, na karibu asilimia 80 ni wanawake. Baada ya utalii na karafuu, mwani ndio unaofuata kwa kuingiza fedha za kigeni visiwani.

Fikiria sasa kijiji cha mwaka 1990. Mke ambaye jana alikuwa anaomba hela ya kitoweo, leo ana pesa yake mkononi. Anamnunulia mtoto sare. Anaezeka bati. Anajinunulia kabati. Nyumba nyingine zilisherehekea, nyingine ziliingia mgogoro. Bibi yetu alisema mumewe alimpiga marufuku kwenda pwani kwa muda wa bamvua mbili nzima. "Alidhani nafuata mambo mengine." Kilichomrudisha ni gunia la mchele lililoisha. Mume akaona mke wa jirani ananunua, wake ameketi. Hakusema kitu. Asubuhi alimwachia panga la kukatia vigingi mlangoni.

Sheria ya Kiislamu, ambayo ndoa nyingi za huku zinaifuata, iko wazi: mume ndiye mwenye wajibu wa kulisha nyumba, na mali ya mke ni ya mke. Kwa hiyo pesa ya mwani haikuwa "yetu". Ilikuwa yake, na akiitoa kwa ajili ya nyumba ni hisani yake. Mume wangu aliniangalia. Nilijua anachowaza: sasa biashara yetu sisi itakuwa ya nani?

BEI YA MAMIA, BEI YA MAELFU

Kilimo pekee hakitawatoa, na wenyewe wanasema hivyo. Kwa miaka mingi kilo ya mwani mkavu imehesabiwa kwa mamia ya shilingi. Juu ya hapo bahari imekuwa na joto. Kotonii, ile yenye bei, ilianza kufa kwenye maji mafupi, inakuwa nyeupe, inaoza na kukatika. Maeneo mengi ikabaki spinosamu, ya bei ya chini. Hapo Paje kuna jingine: maji yale yale yanatakiwa na watu wa vishada, na mkulima mwenye vigingi vyake anaambiwa anaharibu mandhari. Baadhi ya wanawake wameacha shamba wakaenda kufua mashuka hotelini.

Aliyeonyesha mlango mwingine ni mtafiti Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Mwaka 2006 alianzisha mpango wa kuwakutanisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara, na wanawake wakajifunza kuusaga mwani uwe unga, kisha kutengeneza sabuni, losheni na hata vyakula. Kikundi cha Tusife Moyo cha Kidoti, kaskazini, kilipata jina kwa sabuni zake. Papo hapo Paje kuna karakana ya Mwani Zanzibar, iliyoanza kama Seaweed Center, inayotembeza wageni kutoka shambani hadi kwenye kipande cha sabuni. Dk. Msuya na wenzake pia wamejaribu kuwafikisha wakulima maji marefu zaidi kwa kutumia nyavu na boti, ili kotonii ipate ubaridi. Kazi hiyo inataka kuogelea na kuendesha chombo, na polepole waume wameanza kurudi.

Tofauti ya bei inajieleza. Kijiko cha unga wa mwani kinaingia kwenye kipande cha sabuni ambacho mtalii anakinunua kwa maelfu ya shilingi. Gunia zima la mwani mkavu lina mkulima mmoja aliyechoka. Sabuni ina jina, karatasi nzuri na harufu.

MEZA YA JAMBIANI

Jumamosi mchana tulikaribishwa kwa mke na mume wa Jambiani wanaotengeneza sabuni uani kwao. Majina wameniomba niwaachie wenyewe. Yeye mke analima na kuchanganya. Mume ni seremala, alikuwa anatengeneza vitanda. Sasa anachonga masanduku ya kumiminia sabuni, anakata, na anapeleka mahotelini kwa pikipiki.

Niliangalia kila hatua. Mwani unaoshwa kwa maji baridi mpaka chumvi itoke, unakaushwa, unasagwa, unachekechwa. Kostiki inapimwa kwa mizani ya gramu, si kwa kukadiria, maana kila aina ya mafuta ina kipimo chake. Kostiki ndiyo inamwagwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, kwa sababu inaweza kuruka na kukuunguza uso. Glavu mkononi, miwani machoni, watoto mbali. Ikipoa, inaunganishwa na mafuta ya nazi, unakoroga mpaka izito kama uji, unatia unga wa mwani na harufu: mchaichai, karafuu, mdalasini, mlangilangi. Unamimina, kesho unakata. Halafu unasubiri wiki nne hadi sita ikomae. Ukiiuza kabla inauma ngozi na inaisha haraka bafuni.

Kumbe kazi hii haiwaumizi. Kilichotaka kuwaachanisha ni mali kauli. Hoteli inachukua vipande mia, inasema italipa mwisho wa mwezi. Mwezi unaisha, meneja amesafiri. Mume, kwa kuona aibu, alikuwa anamwambia mkewe wamelipa nusu, na hiyo nusu anaitoa kwenye hela yake ya vitanda. Mke naye akadhani biashara inakwenda vizuri, akaongeza mzigo. Miezi minne hivyo. Siku ukweli ulipotoka, mke hakulilia pesa. Alilia kwamba mumewe alikuwa akimlipa mshahara kwa siri akamwacha ajione mfanyabiashara.

Walichofanya baadaye ndicho nilichokifuata Jambiani bila kujua. Walinunua daftari kubwa, likaning'inizwa kwa kamba mlangoni jikoni. Kila kinachotoka kinaandikwa siku hiyo hiyo na aliyekitoa anatia saini. Hoteli inapewa vipande ishirini tu, haiongezwi mpaka ilipe. Mume analipwa ufundi wake wa masanduku kama fundi mwingine yeyote. Na Ijumaa baada ya swala wanakaa dakika ishirini wakisoma daftari, bila simu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wao wangepoteza na ndoa.

HESABU ZETU SASA

Usiku ule hatukugombana, ila hatukulala mapema. Mume wangu alikuwa na maswali ya kibenki, na ki-ukweli yalikuwa mazuri. Sabuni yenyewe ya nani? Kikitokea cha kutokea, nani anabaki na nini?

Kwa sisi wa Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyo kwa jina la mmoja inadhaniwa ni yake, na iliyopatikana kwa majina ya wote wawili inadhaniwa wana haki sawa, mpaka ithibitishwe vingine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ni vizuri kujua. Lakini usingoje hakimu ndiye akuambie nani alikoroga sabuni. Andikisheni majina mawili tangu mwanzo.

Kuhusu vibali: jina la biashara Bara linasajiliwa BRELA, Zanzibar ni BPRA. Sabuni na vipodozi vina masharti ya ubora, na tangu mwaka 2019 kazi ya vipodozi Bara imehamia TBS kutoka iliyokuwa TFDA. Zanzibar kuna ZBS. Wajasiriamali wadogo wa Bara waanzie SIDO, ambako pia wanafundisha utengenezaji wa sabuni na kutoa barua ya kukutambulisha TBS. Usiandike kwenye karatasi kwamba sabuni yako inatibu chunusi au mba. Huna uthibitisho, na ukisema inatibu wataiangalia kama dawa.

Uamuzi wetu huu hapa. Milioni tatu na laki sita zimebaki kwenye kiwanja, na mume wangu ndiye anayetafuta. Laki nne ndizo mtaji wa sabuni, zikiisha zimeisha, hakuna kukopa. Unga wa mwani tunanunua kwa akina mama wa Paje kwa bei yao, bila kuwakandamiza, maana bila mgongo wao sisi hatuna cha kuchanganya. Mimi nachanganya, yeye anauza, na kila baada ya miezi mitatu tunabadilishana ili kila mmoja aujue uchungu wa mwenzake. Mali kauli ni marufuku kwa ndugu, jamaa na marafiki, hasa ndugu. Tukifika mwaka mmoja daftari halijatoa faida, tunafunga kwa amani, pasiwe na wa kumwambia mwenzake "nilikwambia".

Kundi la kwanza ni vipande hamsini vya mchaichai. Viko juu ya kabati la chumbani vinakomaa, vimebakiza wiki tatu. Mume wangu ameshaniuliza mara mbili kama kipande kimoja kinaweza kuibwa kwa majaribio. Nimemwambia sawa, ila atie saini.

UKITAKA KWENDA

Angalia mwezi kabla hujakata tiketi. Nenda siku za mwezi mwandamo au mpevu, maji yanakupwa sana na mashamba yanaonekana vizuri. Ukienda maji mafu utaona bahari tu.

Chukua kitambulisho kwa ajili ya boti. Chukua kofia, shati la mikono mirefu na yeboyebo; chini kuna vitu vinavyochoma.

Vaa kwa heshima ukiingia kijijini. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni, si ya dukani kwa Bi mkubwa. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana.

Usimpige mtu picha akiwa kazini bila kumwomba. Wanawake wa mwani wamechoka kuwa mapambo ya simu za watu. Salimia, saidia hata kamba moja, halafu omba.

Usiku mkirudi hotelini, kaeni na karatasi. Kila mmoja aandike peke yake mambo matatu: kiasi gani yuko tayari kupoteza, kazi gani hataki kabisa kuifanya, na siku gani mtaacha ikishindikana. Kisha badilishaneni karatasi. Zikilingana, mna biashara. Zisipolingana, bado mna wikiendi nzuri ya Paje na pweza wa nazi. Haya, kazi kwenu!